Uhamisho wa Bupe

Sogeeni, mliokaa karibu na mliokaa mbali, mnisaidie kubeba jambo hili.

Palikuwa na wakuu wa shule watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho hakuwa tayari kukiachia. Mwalimu Mwaisaka alikuwa na siri. Mwalimu Tumpe alikuwa na kinyongo. Mwalimu Sanga, siku ile ninayoisimulia, alikuwa na msiba wa mama yake.

Wote watatu walikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule za milimani, watu arobaini na wanne. Siku za kawaida kundi hilo lilikuwa la nyaraka, ratiba za mitihani na picha za mahafali. Mtu akileta tatizo aliandikiwa, "Pole, mkuu," kisha mambo yakaendelea.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, bweni moja la wasichana liliwaka moto katika shule ya Mwalimu Atupele, mkuu mwenzao. Wasichana wakatoka mbio. Atupele akawapanga uwanjani, akawahesabu: sitini na wanne. Akarudia: sitini na wanne. Ndiyo idadi ya bweni. Akakaa kwenye nyasi, akaandika kundini: "Bweni linateketea. Watoto wote wapo salama. Wenzangu, sijui nianzie wapi."

Zikaja pole. Pole mkuu, pole madam, pole sana dada. Zilifika thelathini.

Ujumbe wa thelathini na moja haukuwa pole. Mwalimu Mwaisaka, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliuliza, "Madam, umehesabu vichwa au umeita majina?"

"Vichwa, mzee. Vimetimia."

Kisha mzee akaandika, mbele ya watu wote wale, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mkewe: "Shule yangu ilipoungua, vichwa vyangu navyo vilitimia. Mtoto wa bweni lingine alikuwa amesimama mahali pa mtoto wangu. Wangu tulimkuta jioni, kwenye majivu. Kwenye taarifa niliandika kwamba niliita majina. Sikuita. Ita majina, madam."

Atupele akaita. Bupe wa kidato cha pili hakuitika. Na mstarini palikuwa na msichana wa bweni la pili, aliyekuja asubuhi ile kuazima pasi.

"Bupe hayupo," Atupele akaandika. "Walimu wanataka kuingia motoni."

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Mwalimu Tumpe. Wawili hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka miwili, tangu Atupele aliposema kikaoni kwamba matokeo ya shule ya Tumpe yamepikwa. Tumpe alikuwa ameapa kwamba salamu yake Atupele hataisikia tena.

"Ni mimi. Usikate."

"Tumpe?"

"Tutagombana kesho. Huyo mtoto alikuwa anafanya nini kabla ya moto?"

Atupele akawageukia wasichana, wakamjibu. "Wanasema alikuwa anapiga pasi."

"Basi usiwapeleke walimu motoni. Anajua ni pasi yake iliyoleta moto. Mimi niliunguza jiko la bibi nikiwa na miaka tisa. Sikukimbia mbali, nilijifungia. Tafuta mlango uliofungwa kwa ndani."

Wakagonga milango ya mabafu yaliyo nyuma ya bweni, mmoja baada ya mwingine. Bafu la mwisho likagoma kufunguka. Walipovunja walimkuta Bupe sakafuni, moshi umemjaa kifuani, hajitambui.

Gari la shule lilikuwa bovu, na hospitali ilikuwa mbali. Atupele akaandika hilo pia.

Ujumbe ukamkuta Mwalimu Sanga bondeni, chini ya shule ile, amekaa kando ya jeneza. Akainuka, akachukua ufunguo wa gari.

"Unakwenda wapi wewe?" mjomba wake akamdaka mkono. "Tunazika saa nane. Mvua ile unaiona, na mama yako hangoji."

"Na mtoto wa watu, mjomba, atangoja?"

Akapanda mlima kwenye tope, akamchukua Bupe, akamfikisha hospitali. Daktari alisema nusu saa zaidi ingetosha kumpoteza. Sanga aliporudi nyumbani alikuta watu wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Bupe alipona. Lakini shuleni hakutaka kurudi. Akinusa nguo iliyopigwa pasi, anatetemeka. Baba yake akaomba uhamisho. Na wale wakuu watatu, safari hii si kundini bali kila mmoja kwa siri, wakamwandikia Atupele.

Mwaisaka, ambaye kwa maneno yale ya kundini ameitwa na wakubwa wake ajieleze na huenda asiumalize mwaka wake, aliandika: "Nipe mimi. Yule wangu hakurudi. Niache nimwone huyu akiingia darasani, hata kwa wiki moja."

Tumpe aliandika: "Nipe mimi. Siku akijifungia tena, mimi najua pa kugonga."

Sanga aliandika: "Nipe mimi. Ndugu zangu hawanisemeshi. Nikimwona anakua, nitajua sikumwacha mama bure."

Baba alifika ofisini na binti yake, akasomewa jumbe zote tatu. "Madam, wote tunawashukuru," akasema. "Sisi hatuwezi kuwapima watu kama hao. Wewe unawajua, andika wewe."

Atupele akamgeukia mtoto. "Bupe, mwanangu, wewe unataka uende wapi?"

Bupe alijibu akitazama sakafu.

"Madam, mimi nataka shule ambayo hawajui habari ya moto ule."

Fomu ya uhamisho iko mezani. Mstari wa jina la shule ni mmoja tu, na baba anangoja kuondoka nayo. Bila yule mzee, Bupe asingetafutwa. Bila Tumpe, asingepatikana. Bila Sanga, asingefika. Na wote watatu wanajua habari ya moto ule.

Haya, wenzangu. Kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, na mtoto yule amekaa mbele yako akitazama sakafu, ungeandika shule ya nani: ya mmoja wa hao watatu, au nyingine kabisa?