Namba Iliyosagwa

Wapendwa, leo siwapeleki Yerusalemu. Nawapeleka sebuleni kwa bwana mmoja, mtu wa kawaida tu kama wewe, na ukutani kwake imetundikwa bunduki. Msishtuke. Polisi waliuziba mtutu wake zamani na kibali cha kukaa nayo kipo. Haiui hata nzi.

Bwana huyu, ambaye mkewe alimwita Baba Tumsifu, na sisi tumwite hivyo hivyo, aliirithi bunduki kwa babu yake. Ukoo ulisema babu alikuwa askari kwenye vita ile ya Wajerumani na Waingereza. Lakini mtaani palikuwa na maneno. "Askari gani? Mzee yule alikuwa mpagazi, alibeba mizigo, bunduki akaiokota porini." Kubeba mizigo si aibu, tena wengi walifia huko. Lakini kuambiwa babu yako alikuwa mwongo, hapo inauma. Baba Tumsifu aliumia miaka na miaka.

Sasa siku moja ikatangazwa kwamba makumbusho ya mkoa yanakusanya vitu vya vita. Bunduki itakayokubaliwa itawekwa ndani ya kioo, na chini yake litaandikwa jina la askari aliyeibeba. Baba Tumsifu akapiga makofi peke yake. "Leo watafunga midomo!"

Akamtafuta mtu anayenunua na kuuza silaha za kale, apate kujua watakagua nini. Yule akamwambia, "Zile bunduki kila chuma kiligongwa namba kiwandani. Mtutu, kitako, na bolti, hiki unachovuta nyuma kuingiza risasi. Namba zikifanana, una mali. Zisipofanana, thamani inashuka vibaya. Wataona umeungaunga vyuma."

Alirudi nyumbani mbio. Akaitungua, akaifuta kwa mafuta ya taa, akavaa miwani. Mtutu una namba. Kitako, namba ile ile. Roho ikatulia. Bolti... Mungu wangu, namba nyingine kabisa. Akakaa kitini.

"Yaani kweli mzee aliiokota?"

Mkewe akasema, "Baba Tumsifu, si uipeleke hivyo hivyo ilivyo? Wakikuuliza, waambie hujui."

"Niseme sijui, nichekwe mjini kama ninavyochekwa hapa? Haiwezekani."

Mnajua alikwenda wapi? Mnajua sana, msijifanye. Alikwenda gereji. Si tunawajua mafundi wetu? Unampa gari jekundu na mlango mweupe, ukirudi jioni huoni kiungo. Fundi akaisaga ile namba kwa tupa mpaka chuma kikawa laini, akagonga namba mpya, ikafanana na ya mtutu. Na kwa wema wake akakipiga kitako msasa na vanishi. "Mzee, hii sasa imetoka kiwandani!" Baba Tumsifu akafurahi, nawaambieni, alifurahi kwelikweli.

Siku ya ukaguzi alikuta mtaalamu ni dada mmoja mpole, ana lenzi mkononi. Akamwamkia, akaanza kazi. Akatazama mtutu, akatikisa kichwa kukubali. Akanusa kitako. Kwenye bolti akakawia.

"Baba, hapa palisagwa lini?"

"Ndivyo nilivyoirithi, mwanangu."

"Hapana, baba. Chuma cha zamani hakiwi na mng'ao huu. Palikuwa na namba gani?"

Baba Tumsifu akatazama viatu vyake. "Nyingine. Haikufanana na hizi. Niliogopa mtasema babu aliiokota."

Yule dada akaiweka bunduki mezani polepole. "Baba, anayenunua apambe nyumba yake anataka namba zote zifanane. Sisi tunatafuta zilizopigana. Chuma hiki kikivunjika vitani, fundi wa jeshi alichomeka cha bunduki nyingine, askari akarudi mstarini. Babu hakuwahi kusimulia kwamba alibadilishiwa komeo?"

"Alibadilishiwa nini?"

"Komeo. Hiyo bolti. Askari wa zamani waliiita komeo."

Ndugu zangu, Baba Tumsifu alijishika kichwa. Kwa sababu babu alisimulia! Walipokuwa watoto aliwaambia, "Komeo langu lilivunjika, wakanipa la mwenzangu Mfaume siku tuliyomzika." Na wao wakacheka mpaka wakaanguka. Komeo! Babu alikwenda vitani na mlango?

Akamwambia yule dada yote.

"Aliyeiokota porini angejuaje kwamba komeo si lake?" dada akasema. "Baba, ile namba ndiyo iliyokuwa shahidi wa babu yako."

"Basi si nimekueleza? Andika hivyo, mwanangu."

"Mimi nakuamini. Lakini nikiandika, nitawaonyesha watu nini? Na hizi mbili za kweli, nani ataziamini tena?"

Baba Tumsifu akairudisha bunduki nyumbani imefungwa kwenye kanga. Na hakuna adui aliyemfanyia hivyo. Alijifanyia mwenyewe, akimtetea babu yake.

Haya, sasa tuje kwetu. Sisi tunaosimama hapa mbele kutoa ushuhuda. Mbona tunang'aa hivi? Mbona humu hakuna aliyewahi kulewa, hakuna aliyeachwa, hakuna aliyefungwa? Kaka, ile miaka ya gerezani unasema ulikuwa Mwanza kikazi. Dada, mama wa kambo aliyekuokota huna mbele wala nyuma akakulea, harusini ulimtambulisha kama jirani. Tunamwonea aibu mtu yule yule ambaye Mungu alimchomeka pale tulipovunjika, kwa sababu hafanani na sisi. Tunasaga, tunapaka vanishi, tunakuja Jumapili.

Mungu hadanganyiki na vanishi, hilo silihangaikii. Ninayemhofia ni mtoto wako. Siku moja naye atavunjika, atakuja kwako analia, na wewe utamwambia, "Usikate tamaa, mwanangu, hata mimi Mungu aliniinua." Atakutazama machoni akuulize, "Alikuinua kutoka wapi, baba?"

Utamwonyesha nini?