Mtoto wa Viraka wa Bi Kalunguyeye

Paukwa!
— Pakawa!
Niseme niyajuayo?
— Sema, na usiyoyajua uyaache!

Mambo matatu mashahidi wote wameafikiana. Kwamba Fisi alikwisha kula watoto wawili wa Bi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, kabla miiba yao haijaota. Kwamba alirudi kumdai wa tatu. Na kwamba alikufa siku ya nne, tumbo limemfura kama kiriba. Yaliyobaki yana ubishi.

Fisi alijitangaza mlinzi wa kijito, na ujira wake ulikuwa mtoto mmoja kila mvua. Kwamba palikuwa na hatari nyingine zaidi yake, hilo halikuthibitishwa.

Siku ilipokaribia, Bi Kalunguyeye alimficha mwanawe shimoni, akatoa mbeleko mbili zilizokosa wa kubebwa. Hakuwa amezifua, kwa kuwa harufu ya wanawe ilikuwa bado imo. Akazichana vipande kwa meno, akahisi kama anawazika, maana hakuwa amepata cha kuzika.

Aling'oa mwiba mgongoni, akautoboa tundu, akatunga uzi. Chwi, chwi, chwi: akashona kichwa, akanyamaza. Chwi, chwi, chwi: akashona mikono, akanyamaza. Chwi, chwi, chwi: akashona tumbo, na hapo akalia. Akajaza sufi, na katikati ya sufi akapanga miiba yake arobaini. Mgongo ukabaki mabaka ya damu.

Fisi akaja.

"Hodi, mama watoto!"

"Watoto gani, Bwana Mkubwa? Kabaki mmoja."

Fisi akampokea yule mtoto wa viraka, akamnusa. "Naam, ukoo ni uleule. Mbona halii?"

"Wa kwanza alilia, bwana. Kulimsaidia nini?"

"Hihihi! Una mdomo wewe! Na mbona mwepesi?"

"Mama yake ana njaa. Maziwa yatoke wapi?"

Fisi angetafuna mara moja tu, angeionja sufi, na shimo lilikuwa hatua tatu kutoka pale.

"Nakusihi, bwana, mtafune. Usimmeze mzima."

"Unanifundisha kula?"

"Mtafune polepole, atakudhuru."

"Kutafuna ni kazi ya wanyonge!" Fisi akapanua kinywa. Mbwi! Akameza, akajilamba, akaenda zake.

Siku ya kwanza aliguna. Siku ya pili alilala chali. Siku ya tatu alitapika damu. Siku ya nne mmeshaisikia.

Jamaa zake walimshtaki Bi Kalunguyeye barazani kwa kuua. Kobe, aliyekuwa akinywa maji kijitoni karibu na pale siku ile, aliapa kwamba marehemu alionywa, tena mara mbili.

"Alijua hatasikia!" akapaza sauti mjane wa Fisi.

"Shemeji," akajibu Bi Kalunguyeye, "mkubwa akiwa hasikii, kosa ni la nani?"

Baraza likavunjika bila hukumu.

Kisa nimekifunga fundo, uzi nimeukata. Funzo lake, kwa maneno ya jamaa za Fisi, ni hili: tafuna vizuri kila unachokula, hasa mtoto wa jirani.

Lakini mama yule alisema kweli, akijua fika kwamba kweli haitasikilizwa. Je, lilikuwa onyo, au lilikuwa mwiba wa arobaini na moja? Wewe uliyesikia pande zote mbili, hukumu.