Ua la Kwanza Chini ya Dirisha

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Khatibu alifungua lango la nyumba yake mpya mjini Chake Chake, akawaonyesha watu watatu kiwanja kitupu chini ya dirisha la chumba cha kulala. Alikuwapo mchumba wake Salha, aliyejua kuona kitu kabla hakijakuwapo. Alikuwapo shangazi yake Bi Time, ambaye kijiti chochote akikichomeka ardhini huota. Na alikuwapo mdogo wake Faki, ambaye hakujua kuchoka.

"Nataka bustani ya mawaridi," Khatibu alisema. "Maua ya kitanda chetu cha harusi yatoke hapa. Atakayestahili kuliko wenzake ndiye atakayekata ua la kwanza."

Salha alijilaza kwenye sakafu tupu ya chumba kile, akahamisha kichwa huku na huku mpaka akapata mahali upepo wa dirishani unapogusa uso. "Mto wangu utakuwa hapa," alisema. Akatoka nje, akachora mistari ya kupinda ardhini, ili upepo upite kwenye maua kabla ya kufika kwenye mto.

Bi Time alikwenda kwake, kwenye mwaridi aliopanda marehemu mumewe mwaka waliooana. Alikata matawi ya kutosha mistari yote ya Salha. Mwaridi wenyewe haukupona. "Ulishazeeka kama mimi," alisema. "Angalau umezaa."

Faki alichimba, akakuta mawe. Aliyang'oa, akaleta udongo mweusi na samadi. Bi Time akachomeka matawi yake, na Faki akachota maji kisimani kiangazi chote.

"Shemeji, mawaridi yako yanakunywa kuliko ng'ombe. Na ng'ombe hunipa maziwa," Faki alimwambia Salha.

"Haya yatakupa harufu."

"Harufu hainyweki, shemeji."

Tumba la kwanza lilipoanza kuonyesha wekundu, Khatibu alivunja uchumba. Alisema atamwoa mwanamke mwengine, Ijumaa ya wiki ileile.

"Ahadi ya ua iko palepale," aliwaambia wote watatu. "Amueni wenyewe." Akaingia ndani bila kumtazama Salha.

"Nikilikata mimi, nalitupa barabarani," Salha alisema. "Dirisha hili nililipangia kichwa changu."

"Mwanangu, kutia maua kitanda cha harusi ni kazi ya shangazi, alale yeyote atakayelala," alijibu Bi Time. "Nikilikata mimi, litakwenda kitandani. Mwaridi wa mume wangu haukufa ili ua lake liokotwe na mbuzi."

Faki alikuwa akichokonoa udongo kwa kidole cha mguu. "Nikilikata mimi, nitampa yule niliyekuwa nikimchotea maji," alisema. Hakumtaja.

Hakuna aliyekubali kushindwa. Waliagana warudi asubuhi.

Asubuhi Salha alifika wa kwanza, mkasi mkononi. Ua lilikuwa limefunguka. Udongo ulikuwa mkavu. Aliuweka mkasi kizingitini, akachota maji kisimani, akamwagilia shina baada ya shina. Kisha akakaa chini ya dirisha kuwangoja wenzake.

Mkasi ni mmoja, na ua ni moja. Wewe unayesikiliza, ungeutia mkasi huo mkononi mwa nani?