Nyumba ya Kumi na Tisa

Sogeeni karibu. Mwenye chai amimine, mwenye mtoto ampakate, kisha mnitegee masikio vizuri, kwa sababu nikifika mwisho mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Katika mji mmoja wa reli, chini ya milima ambako mvua haichoki kunyesha, palikuwa na ghorofa la manispaa lililoitwa Kumi na Nane. Jina lilitokana na idadi ya nyumba zilizokuwa ndani yake. Wapangaji wake walikuwa watu wa kipato kidogo: fundi viatu, mpishi wa shule, wajane wawili, dereva wa bajaji na wengine wa namna hiyo. Kodi yake ililipika. Kuna watoto waliozaliwa humo, wakakua humo, na harusi zao zikachezwa humo humo uani.

Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa Bi Zaituni Mkude, mkunga mstaafu wa nyumba namba saba. Nusu ya vijana wa jengo lile aliwapokea kwa mikono yake, kwa hiyo hakuna aliyemwita mwenyekiti. Walimwita Bi Mkunga.

Sasa niwajulishe watu watatu. Wote watatu hawakukaa Kumi na Nane.

Wa kwanza ni Mzee Kobelo, fundi mwashi. Yeye alijua kusikiliza kuta. Hugonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake wa lipu, akaweka sikio, kisha akakwambia wapi pamelowa na wapi pamekauka. Alipokuwa kijana alikuwa miongoni mwa mafundi waliolijenga ghorofa lile, lakini hakuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja.

Wa pili ni Dativa, karani wa masjala ya manispaa. Yeye alijua kukumbuka karatasi. Faili likishapita mikononi mwake, hata baada ya miaka mitano angekuambia liko kabati gani, na barua ya tatu kutoka juu inasema nini.

Wa tatu ni Mwajabu, mshonaji wa sare za shule. Yeye alijua kusema na watu wakamsikia. Hakuwa na sauti kubwa. Ila akianza kuzungumza, mwenye simu huweka simu chini.

Basi mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zinaishia, kipande cha kibaraza cha ghorofa ya pili kilimeguka kikaanguka uani. Namshukuru Mungu hakikumpata mtu. Wiki ile ile walikuja watu wa manispaa na kopo la rangi, wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa mbele. Familia zote kumi na nane zikapewa siku sitini kuhama.

Bi Mkunga alisimama mbele ya ile X akiwa na kanga mabegani. Mpishi wa shule alimfuata, macho yamemwiva.

"Bi Mkunga, twende wapi?"

"Sijui, mwanangu," akasema. Katika miaka yake yote ya kazi alishazoea kuwaambia watu watulie, mambo yatakuwa sawa. Siku ile neno hilo halikumtoka.

Siku ya tatu alifika Mzee Kobelo, ameshika mwiko wake tu.

"Shikamoo, mama. Nimesikia mnabomolewa."

"Marahaba. Ndiyo hivyo, baba."

"Naomba nizunguke kidogo."

Alizunguka siku nne. Aligonga, akasikiliza, akapanda hadi darini, akashuka. Mwisho akaja kuketi kwenye ngazi karibu na Bi Mkunga.

"Jengo hili mifupa yake mizima," akasema. "Tenki la maji la juu linavuja tangu zamani. Maji yanateremka ndani ya ukuta wa mashariki, yamekula nondo za vibaraza. Basi. Msingi haujasogea hata unywele."

"Manispaa wanasema nyufa zinakua."

"Tutaziuliza zenyewe."

Alibandika vipande vya kioo juu ya kila ufa, akavikaza kwa saruji, akaandika tarehe pembeni. Ukuta ukisogea, kioo kitapasuka. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji kuvitazama. Siku ya arobaini, Bi Mkunga akamleta mhandisi wa manispaa, karibu amvute kwa mkono. Mhandisi alihesabu vioo. Vyote vilikuwa vizima. Alirudi na vifaa vyake akapima siku mbili, na taarifa yake ikasema jengo lisibomolewe, linatengenezeka. Mzee Kobelo hakuomba hata nauli.

Lakini taarifa haipigi lipu. Manispaa wakajibu kwamba fungu la matengenezo halina kitu.

Hapo ndipo Dativa alipokumbuka. Miaka mitatu nyuma lilipita mezani kwake faili la fedha za nyumba za umma. Zilitengwa kujenga nyumba mpya nje ya mji, lakini kiwanja kilikuwa na kesi mahakamani, na tangu hapo fedha zilikuwa zimelala. Akalifungua faili, akafika kwenye barua aliyoitaka. Iliandikwa waziwazi kwamba fedha zile ni za kujenga au kukarabati nyumba za manispaa za watu wa kipato cha chini. Zikihamishwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine, lazima wale walioandikishwa kungojea nyumba waulizwe kwanza, nao wakubali.

Alimpelekea mkuu wake. Mkuu akafunga faili.

"Rudisha ulipolitoa," akamwambia. "Hayo si ya karani."

Dativa alikuwa kwenye kazi ya mkataba, anaishi katika nyumba ya watumishi na binti zake wawili. Alijua anachokihatarisha. Alilirudisha faili kabatini kama alivyoambiwa, na kikao cha madiwani kilipoketi, akaingia, akaomba ruhusa ya mwenyekiti wa kikao, akasimama akawasomea barua ile kwa kichwa, kuanzia tarehe hadi sahihi. Madiwani wakaagiza faili liletwe. Neno halikupungua wala kuzidi. Mkataba wake ulipokwisha, haukuandikwa mwingine, na nyumba ya watumishi akatakiwa aiache.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Watu arobaini na mmoja walikuwa kwenye orodha ya kungojea nyumba mpya. Waliitwa katika ukumbi wa shule siku ya Jumamosi. Bi Mkunga alikwenda, akaketi nyuma. Ukumbi ulichemka.

"Tumengoja miaka! Leo mnatwambia tuwape waliokwisha kupata?"

"Wao wana paa, sisi je?"

Bi Mkunga aliinamisha uso. Waliyosema yalikuwa kweli.

Ndipo akainuka Mwajabu. Wote walimjua. Jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha, na alikuwa amengoja miaka kumi na mmoja. Alipanga chumba kimoja yeye na mama yake asiyeona, chumba ambacho mvua ikinyesha vitambaa vya watu lazima viwekwe juu ya kitanda na wenyewe wakeshe wameketi.

"Jamani," akasema, "nyumba yangu mimi ni ya karatasi. Kiwanja kina kesi, na kesi haijulikani itakwisha lini. Familia zile nyumba zao ni za matofali. Zikibomolewa, wao watakuja kupanga foleni nyuma yetu, na mji utakuwa na nyumba kumi na nane pungufu. Mimi sitaki mtu atolewe nje kwa fedha zinazolala kwa jina langu." "Nimengoja sana. Sisemi siumii. Lakini naomba tukubali."

Akanyoosha mkono wake. Ulikaa juu peke yake muda mrefu. Kisha ukanyooshwa wa pili, na wa tatu. Ilipohesabiwa, mikono thelathini na mitano ilikuwa juu.

Madiwani walipitisha. Ukarabati ulichukua miezi kumi, nusu moja ya jengo kwanza, kisha nusu ya pili. Tenki likabadilishwa, nondo zikawekwa mpya, vibaraza vikamiminwa upya. Siku ile X nyekundu ilipopakwa rangi, wajane wawili waliimba, na fundi viatu alilia bila kujificha.

Chini kabisa, karibu na lango, palikuwa na stoo na chumba cha kufulia ambacho hakikutumika. Mhandisi aliona panafaa, akapageuza. Vikatoka vyumba viwili, jiko, choo cha ndani na mlango unaotazama uani. Ikawa nyumba ya kumi na tisa.

Manispaa wakaandika barua: nyumba hiyo apewe mmoja wa wale watatu waliolinusuru jengo, na kamati ya wapangaji ipeleke jina moja. Msiniambie wagawane. Vyumba ni viwili na sheria ni familia moja. Wala msiniambie ingojewe nyingine, maana nyingine haikuwepo.

Kamati ilikuwa na watu saba. Wawili walimtaja Mzee Kobelo, wawili Dativa, wawili Mwajabu. Aliyebaki alikuwa Bi Mkunga. Akaomba siku moja, akaenda kuwatembelea.

Alianza kwa Mzee Kobelo. Mzee alikuwa anaishi kwa mume wa binti yake, katika chumba cha nyuma, na mwanamume wa rika lake kula kwa mkwewe kila siku si jambo analolizungumza. Mkewe, Bi Sikitu, alipigwa na kiharusi, na nyumba ile ina vidato sita mlangoni. Alikuwa hajatoka nje kwa miaka miwili. Mzee Kobelo hakusema kitu juu ya nyumba. Alimkaribisha mgeni, akaulizia tenki kama bado linashika maji. Ni Bi Sikitu aliyemshika Bi Mkunga mkono kwa ule mkono wake mmoja wenye nguvu.

"Mlango wake," akauliza polepole, "una kidato?"

"Hauna," akajibu Bi Mkunga. "Unatoka moja kwa moja uani."

Bi Sikitu akatabasamu nusu ya uso, asiulize tena.

Akaenda kwa Dativa. Alimkuta kwa dada yake, anauza maandazi barazani, na magodoro ya binti zake yameviringishwa nyuma ya kochi. Dativa hakuzungusha maneno.

"Ninaitaka, Bi Mkunga. Sitakudanganya. Nilijua watanifukuza na nikasoma ile barua, na sijutii. Lakini binti yangu mkubwa ana mtihani mwaka huu na anasomea jikoni kwa watu. Kama mtanipa nitashukuru. Kama hamtanipa, nitawauzia maandazi kama kawaida."

Bi Mkunga alicheka, naye akacheka, kisha wote wawili wakafuta macho.

Mwisho akaenda kwa Mwajabu. Cherehani ilikuwa katikati ya mabeseni matatu ya kukingia maji.

"Mpe Mzee Kobelo," Mwajabu akasema kabla hajaulizwa. "Mkewe mgonjwa. Mimi nimeshazoea kungoja."

Mama yake, aliyekuwa ameketi kitandani akikunja sare kwa kupapasa, akainua uso.

"Usimsikilize," akasema. "Siku ile alirudi kutoka mkutanoni akasema amefurahi. Halafu akaanza kushona. Mimi sioni, lakini nasikia. Mashine ilikuwa haiendi. Alikuwa amekaa tu."

"Mama, basi."

"Sijamaliza. Angekuwa wa kwanza. Sasa kesi imekwisha, manispaa wameshindwa, kiwanja kimechukuliwa na waliokuwa wakikidai, na orodha yenyewe imefutwa. Huyu hana foleni tena, Bi Mkunga. Foleni aliitoa."

Mwajabu akainamia kitambaa chake, akatunga uzi kwenye sindano. Ilimchukua mara nne.

Bi Mkunga alirudi Kumi na Nane mchana, akapita langoni, akafungua nyumba ya kumi na tisa kwa ufunguo wa kamati. Ilinukia chokaa mbichi. Akaketi sakafuni, viatu amevivua, fomu ya manispaa iko mapajani. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika jina.

Alimfikiria Mzee Kobelo. Bila yeye, jengo lingekuwa kifusi kabla ya mtu yeyote kufikiria fedha. Yeye alitoa miguu yake ya kizee siku arobaini. Alimfikiria Dativa. Bila yeye, jengo lingebaki zima kwa jina, na lingeanguka lenyewe kwa kukosa wa kulitengeneza. Yeye alitoa kazi na nyumba aliyokuwa nayo tayari. Alimfikiria Mwajabu. Bila mkono wake ule uliokaa juu peke yake, fedha zingelala hadi leo. Yeye alitoa nyumba ambayo hakuwahi kuingia, na miaka kumi na mmoja.

Kila alipoandika moyoni jina moja, nyuso nyingine mbili zilimtazama. Hazikumlaumu. Afadhali zingemlaumu.

Uani alisikia watoto wanacheza, na mmoja wa wale wajane anawaita wakale. Wanakamati walikuwa wameanza kukusanyika nje ya mlango, wanaongea kwa sauti za chini ili wasimharakishe.

Mimi nanyamaza hapa. Najua wewe wa pale nyuma umeshainua kidole kwa ajili ya mzee na mkewe, na dada huyu ananitikisia kichwa. Mzozane, lakini kwa upole, kwani wote watatu ni watu wema na wawili wao watabaki nje. Bi Zaituni Mkude ameshika kalamu, na mstari ni mmoja. Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?