Aliyeweka Zuio

Ngojeni kwanza, msifungue vitabu. Nina habari za mke na mume mmoja wa huko mlimani, watu kama mimi na wewe, wa kulima na kuchoka.

Mume alikuwa na mashamba mawili. La juu lilikuwa mawe matupu. Ukilipiga jembe, jembe linakurudia. La bondeni ndilo lililokuwa shamba: migomba, majimbi, mboga mwaka mzima, kwa kuwa mfereji wa maji ulipita hapo. Maji hayo alikuwa akigawana zamu na mdogo wake, aliyelima nyanya upande wa chini. Watoto wa nyumba hiyo walilelewa na bonde. Shamba la juu lilikuwa la kuwaonyesha wageni.

Basi mume akaingiwa na lori. Alikutana sokoni na mtu aliyekuwa na lori kuukuu, akajiambia akiuza shamba la bondeni atalinunua lori hilo, atabeba mchanga, atatajirika.

Mkewe akamwambia, "Baba Wakesho, hilo lori nimeliona. Linasukumwa."

"Wewe mambo ya mashine umeyajulia wapi?"

Akamwambia tena wakipalilia. Akamwambia tena mbele ya mama mkwe. Mwisho akachoka. Mnaujua uchovu huo, akina mama? Ule wa kusema neno la kweli mpaka mdomo wako mwenyewe unakinai.

Siku ya soko akalipita soko, akateremka mpaka ofisi ya ardhi kuuliza kama kuna dawa. Karani, binti mmoja mwenye mimba kubwa, akamwambia ipo: mke anaweza kuweka zuio. Huandikwa kwenye faili la shamba kwamba lisiuzwe mpaka aliyezuia asikilizwe.

"Una ugomvi na mzee, mama?" binti akamwuliza.

"Sina ugomvi. Nina watoto."

Akatia saini, akarudi nyumbani, akapika. Alinuia kumwambia mumewe wakati wa kula. Mume akaja na nyimbo za lori, naye akaona heri aseme kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Sasa mnunuzi wa shamba hakuwa mjinga. Akataka kumbukumbu zipekuliwe kwanza. Mume akaenda ofisini, akamkuta karani mwingine dirishani.

"Shamba ni lako, mzee, lakini daftari linaonyesha lina zuio."

"Nani kaliweka?"

"Jina limo kwenye faili, na faili halionekani. Njoo wiki ijayo."

Ndugu zangu, yupo hapa ambaye hajawahi kuambiwa njoo wiki ijayo? Akaenda wiki ijayo: faili liko kwa mkubwa. Akaenda tena: mkubwa yuko semina. Akaenda tena: umeme umepotea. Viatu vikaisha soli. Na kila safari mkewe alimfungia viazi vya njiani, akasimama mlangoni akimtazama anavyoteremka kilima kwenda kumtafuta mtu, na mtu mwenyewe ndiye huyo aliyefunga viazi.

Asiyepata jibu hujitungia. "Ni mdogo wangu," mume akasema. "Nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako."

Methali alikuwa nayo. Nguo ndiyo hakuijua.

Asubuhi yake akauziba mfereji. Zamu ya mdogo wake ikafika, maji hayakuteremka. Siku zikapita, nyanya zikaanza kuinama. Mdogo mtu akapanda kwa kaka yake, akamkuta mke peke yake uani. Akapewa kigoda, hakukaa.

"Shemeji, kaka nimemkosea nini?"

"Mwache tu. Hasira zitamwisha."

"Zitaisha lini, shemeji? Nyanya hazijui hasira. Zinajua maji."

Mke akatazama chini. Neno lilikuwa limefika mdomoni, akalimeza. Mnamwona huyo? Alipokuwa na haki alisema mara tatu. Alipokuwa na kosa hakusema hata mara moja. Shemeji akasubiri, akaona hakuna kitu, akateremka zake.

Hatimaye mume akarudi kutoka mjini uso umemchangamka. "Faili limepatikana! Kesho twende sote. Nataka uwe shahidi, jina la yule mchawi likisomwa."

Akaenda. Mke angekataa aseme nini? Wakakaa kwenye benchi pamoja na wengine, watu wenye bahasha mapajani na usingizi machoni. Hata hofu hakuwa nayo tena. Alitaka tu jambo liishe, liishe kwa vyovyote, apumzike.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka yule binti, tumbo limekwisha, amerudi kutoka likizo ya uzazi. Kumbe funguo za kabati alikuwa ameondoka nazo, na faili lilikuwa limelala humo muda wote huo. Akamwona mama, akachangamka.

"Mama, shikamoo! Umekuja kuliondoa lile zuio lako?"

Benchi zima likageuka. Mume akamtazama mkewe, akamtazama binti, akamtazama mkewe tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku zote hizi namtafuta adui yangu, kumbe nakula chakula chake!"

"Adui yako angekusaidia kuuza."

Yule binti maskini, kalamu mkononi, hajui aingie au atoke. "Sasa... tuliondoe au tuliache?"

Mume akainuka. Akavaa kofia yake, akatoka. Wakapanda kilima mmoja mbele, mmoja nyuma. Karibu na kwao mume akasimama.

"Nyanya za mtu nimezikausha bure," akasema.

"Tumezikausha wawili," mke akasema.

Wakaenda wakauzibua mfereji, kisha wakashika njia ya kwa mdogo wao, tope miguuni. Wakapiga hodi. Ndani mlikuwa na watu. Vyombo vilisikika, mtoto alisikika akinyamazishwa. Hakuna aliyeitikia. Wakapiga hodi tena. Kimya.

Na mimi nawaacha hapo hapo, wamesimama nje ya mlango.

Mlidhani mfano huu ni wa mke mwenye busara, sivyo? Niliwaona mkitikisa vichwa kukubali, hasa akina mama. Tulieni. Busara alikuwa nayo, na akamwacha mtu mwingine abebe mzigo wake.

Turudi kwetu sisi. Sisi tukizuiwa jambo, kazi ikatuponyoka, mchumba akaenda zake, safari ikavunjika, cha kwanza tunatafuta jina. Tunamtaja jirani. Tunamtaja wifi. Tunamtaja mama mkwe, na mwenyewe yuko kaburini miaka. Tunafunga, tunakesha, tunaomba mkono wake ukatwe. Ni nani kati yetu amewahi kukaa chini akauliza: je, kama aliyesema hapana ni Yeye anayenipenda? Hatuulizi, kwa sababu tunaliogopa jibu. Hapana ya adui unaweza kupigana nayo. Hapana ya anayekupenda utaifanya nini?

Najua mfano wangu unachechemea. Mungu si kama yule mke. Hakunyamaza kwa woga, amesema tangu zamani, na sisi tukamwuliza mambo ya mashine ameyajulia wapi. Lakini wakati sisi tunapanda na kushuka tukipekua nani katuzuia, yupo mtu upande wa chini anakauka. Hakutukosea kitu. Wengine wetu ndio tuliomzibia. Wengine tulijua ukweli wote, tukatazama chini, tukajiambia tunalinda amani ya nyumba.

Wewe unamjua wa kwako. Jina lake limekujia sasa hivi, nami nimeona ulivyojisogeza kwenye kiti.

Basi tukimaliza hapa, mtu asinishike mkono akaniambia nimesema vizuri. Mguu uende kule kwake. Kabla hujamwomba Mungu akuondolee chochote, nenda kapige hodi. Usipoitikiwa, piga tena. Na wakikuacha umesimama nje, jua likuwakie, watoto wao wakuchungulie dirishani, usinung'unike. Aliyechelewa ni wewe.