Waliokuja Wameshiba

Wapendwa, najua leo ni sikukuu ya mavuno, na najua akina mama wameshainjika masufuria huko nyuma ya kanisa. Harufu imefika mpaka hapa mbele. Basi sitashindana nayo. Nitawasimulia habari ya chakula, na atakayemeza mate sitamhesabia dhambi.

Kulikuwa na baba mmoja mwenye bucha, katika mji mdogo wa huku milimani. Kila aliyekuwa na harusi, kipaimara au msiba alipita kwake kwanza. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko, tena mkarimu wa kweli. Siku ya sikukuu nyumbani kwake mbuzi alichomwa mzima, na kisu alikishika mwenyewe. Alimkatia kwanza mgeni mkubwa kuliko wote, kisha wazee, kisha wengine, na hakuna aliyetoka pale akinung'unika.

Isipokuwa mmoja. Baba yule alikuwa na binti, na binti huyo tangu utotoni nyama ilimkataa. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa anadeka. Ilifika mdomoni ikagoma kwenda mbele. Basi akikatiwa kipande, alikipitisha chini ya meza kwa kaka yake, yeye akalala na chai na ndizi. Krismasi moja, wageni wamejaa, baba akauona ule mkono chini ya meza. Akasema kwa sauti, “Ndugu zangu, mimi nilidhani nimezaa mtoto, kumbe nimezaa sungura.”

Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Binti naye alicheka. Mmeshamwona mtu anacheka huku ameumia? Basi yeye alicheka hivyo.

Alipokua akaondoka nyumbani, akaenda Zanzibar, akapata kazi jikoni kwa Waitaliano. Kila likizo alikuja kuwaamkia wazazi, anakunywa chai, anazungumza vizuri, na chakula kikikaribia kuiva anaaga. Baba aliliona jambo hilo na lilimuuma sana. Alikuwa analisha mji mzima, na mtoto wake wa kumzaa hakai naye mezani. Alitamani kulirekebisha, ila hakujua aanzie wapi. Wababa mlioko hapa, mnanielewa.

Miaka ikaenda. Binti akarudi na ujuzi wake, akapanga jengo lililokuwa duka la vitambaa, akapaka rangi, akajenga tanuri, akafungua mkahawa wa Kiitaliano. Na katika mkahawa ule hakukuwa na nyama hata ya kupaka kwenye kijiko. Akampigia baba yake simu. “Baba, kabla sijawafungulia watu, nataka mje nyinyi kwanza. Jumamosi alasiri, wewe na mama na ndugu zetu wote. Siku hiyo ni yenu peke yenu. Njoo ule kwangu.”

Jamani, baba alifurahi. Kila mteja aliyeingia buchani alitangaziwa: nimealikwa na binti yangu. Mpaka mteja mmoja, akifungiwa maini yake, akauliza, “Nyama ipo?”

“Haipo.”

“Sasa huko mnakwenda kula nini?”

Swali dogo tu, lakini lilimkaa kichwani. Akaanza kujiona mezani, mbele yake sahani ya kabichi mbichi, tumbo linanguruma, naye anatakiwa atabasamu. Akasema moyoni, sitamwaibisha mwanangu tena. Nitafika pale nimejiweka sawa, nisije nikaonyesha njaa wala sura mbaya. Sikilizeni vizuri hapo, wapendwa. Alikuwa na nia njema.

Kwa hiyo Jumamosi mchana alifunga bucha mapema, akawaita ndugu zake wote walioalikwa, akawasha jiko kule uani. Mbavu za mbuzi, ndizi za kuchoma, pilipili, chumvi pembeni. “Tuweke msingi kwanza,” akawaambia. Mdogo wake, ambaye hajawahi kukataa chakula tangu aache ziwa la mama yake, aliweka msingi wa ghorofa.

Mke wake peke yake alikataa. Alikaa pembeni na mkoba wake mapajani. “Baba watoto, si tumealikwa kula?”

“Mama, tumealikwa kutazama majani.”

“Basi mimi nitakula huko nilikoalikwa,” akasema, akafunga kitenge chake vizuri.

Walipofika, binti alikuwa amesimama mlangoni na aproni nyeupe. Akawaamkia wote, shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo baba mdogo. Akamshika baba yake mkono akamwingiza ndani. Na baba alipovuka tu kizingiti, moyo wake ukashuka. Kwa nini? Kwa sababu ya harufu. Kitunguu saumu kinakaangwa kwenye mafuta ya zeituni, nyanya zimechemka mpaka zimekuwa nzito, mrehani umetupiwa juu, na mkate ndio kwanza unatoka tanurini. Hakuisikia kabichi mahali popote.

Kikaja kwanza mkate huo, wa moto, umepakwa nyanya. Baba akamega kwa adabu tu, akatafuna. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake naye alikuwa anamtazama yeye. Ikaja supu ya maharage na tambi, na baba akachovya kijiko mara moja, akalegeza mkanda chini ya meza. Ikaja pizza yenye uyoga, jibini linavutika, na baba mdogo akaanza kutoka jasho. Wakati huo mama anakula. Anakula bila haraka, anafuta sahani kwa mkate, anauliza, “Hii nayo inaitwaje, mwanangu?” Ndugu wanamtazama kwa wivu usiofaa kwa watu wazima.

Mwisho binti akaja amebeba mwenyewe sinia la udongo. Bilinganya zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mchicha, na jibini, juu yake pameiva rangi ya dhahabu, pembeni bado panachemka. Akaliweka mbele ya baba yake. Akampa kisu.

“Baba, nyumbani kwetu anayekata ni wewe. Kata na hapa.”

Baba akakata. Kukata anajua, jamani. Akamkatia kila mtu, sahani zikapita mkono kwa mkono mpaka zikamfikia wa mwisho. Hakuna aliyeinua uma ila mama. Na binti alikuwa amesimama pembeni ya baba yake, ameshika sahani moja tupu.

Akawatazama. “Chumvi imezidi?”

“Chumvi iko sawa kabisa,” baba mdogo akasema haraka, sauti yake ina huzuni.

Baba angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kusema amri ya daktari. Lakini aliutazama uso wa binti yake, akauona ule uso wa Krismasi ile, uso unaojiandaa kucheka. Akaweka kisu chini. “Mwanangu, nisamehe. Tumekuja tumeshiba. Niliogopa sitapata cha kula kwako, nikawalisha hawa wote nyama. Kosa ni langu.”

“Najua, baba,” binti akasema. “Harufu ya moshi niliisikia mlangoni.”

“Ulijua, na bado ukaendelea kupakua?”

“Nilisema labda nafasi imebaki.”

Baba akaitazama sahani tupu iliyokuwa mkononi mwa binti. “Na hiyo ni ya nani?”

“Ni yangu. Leo sijatia kitu mdomoni. Miaka yote nilikaa mezani kwako na njaa, baba. Leo nilitaka tukae na njaa sote wawili.”

Yule baba aliyechinja ng'ombe maisha yake yote, machozi yalimtoka hapo hapo, mbele ya ndugu zake. Kisha akavua koti. “Chakula hiki kikirudi tanurini kitaharibika?”

“Hakitaharibika.”

“Kirudishe. Wewe kula, mwanangu. Mimi natoka kwenda kuitafuta njaa, na nikiipata nitarudi.”

“Nimekusubiri miaka,” binti akasema, anafungua aproni. “Nitashindwa kukusubiri mpaka jioni? Nakuja na wewe.”

Basi mji ule uliona ajabu siku ile. Ukoo mzima, watu wenye vitambi vyao na suti zao, wanapanda kilima kwa miguu ili wapate njaa. Baba ameshikana mkono na binti yake, wako mbele. Baba mdogo akaanzisha wimbo wa harusi, kwa sababu alisema kucheza kunashusha chakula upesi kuliko kutembea. Wakacheza mpaka juu kanisani, wakateremka mpaka sokoni, wenye vibanda wakawapigia makofi, wanauliza nani anaolewa. Hakuna anayeolewa, wakajibu, tumekosa nafasi tumboni. Na huko njiani baba na binti walizungumza. Waliyozungumza hayatuhusu, ila mama aliyekuwa nyuma yao anasema aliwasikia wakicheka wote wawili, na safari hii hakuna aliyekuwa ameumia.

Jua linazama wakarudi mezani, wamechoka, wana vumbi, wana njaa ya kweli. Sinia likatolewa tanurini. Baba akachukua kisu, akakata kipande cha kwanza, kile ambacho nyumbani kwake hupewa mgeni mkubwa kuliko wote, akakiweka kwenye sahani ya binti yake. Wakala. Na mama, msiniulize ilikuwaje, naye akala tena.

Sasa sisi.

Wangapi tumefika hapa leo tumeshaweka msingi? Asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, umeshiba simu. Umeshiba habari za siasa, umeshiba jirani alisema nini, umeshiba sifa zako mwenyewe. Kisha unaketi kwenye benchi, Neno linapakuliwa mbele yako la moto kabisa, unachovya kijiko kwa adabu. Ukitoka nje unasema, leo mahubiri hayakunigusa. Yatakugusa wapi, ndugu yangu? Nafasi iko wapi?

Wala hatukufanya kwa ubaya. Tuliogopa. Kila mmoja wetu ana mteja wake aliyemuuliza, huko kwa Mungu unakwenda kula nini? Tukaona tujishibishe kabla, tusije tukaaibika. Mnadhani Yeye hajui? Harufu ya moshi aliisikia tulipokuwa tunapita mlango ule. Na bado anapakua. Anasema, labda nafasi imebaki.

Lakini lililonikaa mimi moyoni katika mfano huu ni ile sahani tupu. Sisi tunafikiri ibada ni siku ya sisi kupata chakula. Hatujafikiri kwamba mwenye meza naye hajala, kwamba tangu asubuhi amesimama pembeni yetu anangoja tule naye. Amengoja miaka. Na ukimwambia ukweli, ukimwambia Baba, nimekuja nimeshiba, hatakufukuza. Atafungua aproni atembee na wewe mpaka njaa irudi.

Kwa hiyo tusimame. Tuimbe wimbo wetu wa sadaka, na leo tusiuharakishe kwa sababu ya pilau ya akina mama. Tuuimbe taratibu, beti zote, kama watu wanaopanda kilima. Huenda ubeti wa mwisho ukatukuta na njaa.