Kadi Iliyosemekana Haipo

Ndugu zangu, mfano wa leo unahusu mashine, nami mashine sizijui. Nitausimulia kama nilivyoupanga kichwani, na pale nitakapochanganyikiwa mtanivumilia, kwa kuwa watu wote waliomo ndani yake nao walichanganyikiwa, hata yule aliyeisomea kazi hiyo.

Palikuwa na zahanati ya kanisa, mbali na mji, katika nchi ya wafugaji. Ndani yake alikuwamo karani, mtu wa makamo, mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza faili la mgonjwa hata moja. Mezani kwake ilikuwapo kompyuta ya zamani, na nyuma ya kompyuta hiyo ulichomekwa waya uliopanda ukutani hadi kwenye mnara mdogo juu ya bati. Kwa waya huo zahanati ilizungumza na hospitali kubwa ya mjini.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Madaktari wa macho walikuwa wakija huko mara moja tu kwa mwaka. Hospitali ikatangaza kwamba majina ya wote wanaohitaji kuondolewa mtoto wa jicho yatumwe kwa kompyuta kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, na mbele ya kila jina iandikwe kama siku hiyo mgonjwa yupo au hayupo. Aliyeandikwa yupo, lenzi ya jicho lake ingekuja pamoja na madaktari. Aliyeandikwa hayupo angesubiri mwaka mwingine. Wagonjwa walikuwa kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kidatoga, ambaye jicho lake la kushoto lilikwisha kuzimika, na la kulia lilimwonyesha dunia kana kwamba amefunikwa shuka jeupe usoni. Muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba jicho hilo halitafika mwaka ujao.

Bibi huyo aliletwa Ijumaa saa moja asubuhi na mkwewe, aliyejua Kiswahili. Mkwe akamkalisha kwenye benchi la barazani, mbele kabisa ya dirisha la karani, akasema kwamba anakwenda kunywesha ng'ombe na atarudi mchana. Bibi mwenyewe Kiswahili hakukijua. Akakaa, fimbo yake magotini, akisikiliza.

Mnafuatana nami? Basi tuingie ndani, kwenye vurugu.

Jioni ya Alhamisi alikuwa amefika fundi kutoka mjini, binti mmoja mtaratibu, aliyetumwa kuiwekea kompyuta ile mfumo mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umepitwa na wakati. Mfumo, kama alivyoeleza yeye, ndio akili ya mashine. Akaitoa akili ya zamani, akaweka mpya, na kioo kikawa na rangi za kupendeza. Asubuhi karani akaiwasha apate kutuma majina. Mashine ikaandika: Kadi ya mtandao haipo.

Karani akauliza ni kadi gani hiyo, maana yeye alizijua kadi za kliniki na kadi za harusi. Fundi akamweleza kwamba ni kibamba kidogo kilichomo tumboni mwa mashine, ambacho ndicho waya huchomekwa kwake, na pasipo hicho mashine ni kiziwi na bubu. Karani akainama nyuma ya meza akatazama. Pale waya ulipoingia palikuwa na taa ndogo ya kijani, inakonyeza.

"Mwanangu," akasema, "kitu kinachokonyeza kinakuwaje hakipo?"

"Kadi ipo, baba. Ila dereva wake ndiye hayupo."

Hapo, ndugu zangu, ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Zahanati ilikuwa na gari moja la wagonjwa na dereva mmoja, na dereva huyo siku ile alikuwa mapumzikoni nyumbani kwake. Karani hakuuliza zaidi. Aliona aibu kuuliza mara mbili mbele ya binti mdogo. Akatoka nje akampigia dereva simu, akamwambia aje upesi, kazi ya watu imesimama kwa ajili yake. Nusu saa nzima ikapita, karani akimsubiri dereva, na fundi akimsubiri karani, akidhani amekwenda kunywa chai. Dereva akafika akitweta, funguo mkononi, akauliza mgonjwa yuko wapi. Karani akamwonyesha kompyuta.

Dereva akaitazama, kisha akamtazama karani. "Huyu namlaza kwenye machela," akauliza, "au anakaa mbele na mimi?"

Fundi akacheka hadi akashika ukingo wa meza. Alipopata pumzi akaeleza kwamba dereva wanayemsema wao si mtu. Ni maandishi yanayokaa ndani ya mashine na kufanya kazi ya mkalimani. Kadi ile ilikuwa ya zamani na ilikuwa na lugha yake. Mfumo wa kwanza ulikuwa na mkalimani wa lugha hiyo, lakini huu mpya ulikuja bila yeye, kwa kuwa walioutengeneza hawakufikiri kwamba kadi kuukuu kama ile bado inatumika mahali popote duniani.

"Kwa hiyo mfumo unauliza nani yuko hapa," fundi akasema, "na kadi inajibu. Mfumo hauelewi lile jibu. Basi unaandika kwamba haipo."

Karani akayapenda mno maelezo hayo. Akayabeba akaenda kuwaeleza wauguzi, chumba kwa chumba, kana kwamba ameyagundua yeye. Naye dereva wa gari akaambiwa arudi nyumbani, hahitajiki. Akaondoka amenuna kidogo. Alipopita barazani akamwona yule bibi, akamsalimu kwa Kidatoga, maana alikulia huko. Bibi akamshika mkono, wakasemezana maneno machache, wakacheka, kisha dereva akaenda zake.

Ikawa saa nne. Karani akauliza huyo mkalimani anapatikana wapi. Akajibiwa kwamba anapatikana mtandaoni. Basi aitwe. Hawezi kuitwa bila mtandao. Basi mtandao ufunguliwe. Mtandao haufunguki bila yeye. Wapendwa, hapa mimi nilikwama. Nimeuzunguka mzunguko huo siku nyingi na bado sijaona mlango wake. Lakini fundi aliuona. Akachukua simu yake akapanda kichuguu kilicho nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo simu ilishika vizuri, akamvuta dereva huyo kidogo kidogo, kisha akamhamishia kwenye flashi, akamleta ndani. Mashine ikamkataa. Alikuwa dereva wa kadi nyingine yenye jina linalofanana.

Akapanda kichuguu tena, akaleta wa pili. Mashine ikaandika kwamba dereva huyu hana saini, yaani alama ya aliyemtengeneza. Karani kusikia saini akainuka, akafungua kabati, akaleta muhuri wa zahanati na kidau cha wino, akasema wampigie na muhuri kabisa ili wasisumbuliwe tena. Safari hii fundi hakucheka. Alikuwa akiitazama saa ya ukutani.

Najua yupo kati yenu anayewaza: si wangepiga simu tu, wakayasoma majina? Walipiga. Wakajibiwa kwa adabu kwamba orodha haipokelewi kwa mdomo wala kwa simu ya mtu, ila kwa kompyuta ya zahanati.

Saa tano na robo fundi akafanya jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, alipaswa kulianza asubuhi. Akaacha kuiuliza mashine. Akaizima, akafungua tumbo lake, akapuliza vumbi, akapiga magoti sakafuni na tochi ya simu mdomoni, akaisoma kadi yenyewe. Juu ya kibamba kile zilikuwapo tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Akazinakili kiganjani. Kwa tarakimu hizo akampata dereva wa kadi ile hasa, wa tangu siku ilipotengenezwa, akauamuru mfumo umpokee ingawa hana saini. Saa tano na dakika arobaini mashine ikaandika: Kadi ya mtandao ipo.

Wauguzi wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Karani akaketi, akaweka sawa kola ya shati, akafungua dirisha na kuanza kuita majina, moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa kwenye daftari. Kila aliyeitwa aliitika, naye akaandika yupo. Alipofika jina la tisa akaita, "Martha."

Kimya.

Akaita tena kwa sauti ya juu. Kimya. Akaita mara ya tatu, akachungulia barazani kwa uangalifu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Akaona watu wamesimama. Akaona benchi lililo chini ya dirisha lake, na bibi ameketi pale, ameinua uso, anasikiliza. Akangoja kidogo. Saa ilikuwa ikienda. Akaandika hayupo, akaendelea na jina la kumi. Dakika tano kabla ya saa sita orodha ikaondoka, na kutoka mjini likarudi jibu: Imepokelewa, wagonjwa kumi na mmoja.

Saa sita na robo mkwe akarudi kutoka mtoni, akauliza dirishani kama mama yake ameandikwa. Karani akauliza mama yupi. Mkwe akaonyesha benchi. Karani akasema huyo hayumo kwenye orodha, isipokuwa kama ndiye Martha, na Martha hakuja. Mkwe akaeleza kwamba jina la mama ni Udagwenga, lakini siku alipoandikishwa, mwandikaji alishindwa kulitamka, akasema atamwekea jina jepesi. Jina hilo lilikaa kwenye daftari. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Kisha akamgeukia mama yake, akamwuliza kwa lugha yao kwa nini hakuitika. Bibi akajibu kwa kirefu, kwa sauti ya upole. Karani akamwuliza amesema nini.

"Anasema alisikia," mkwe akasema. "Anasema mlikuwa mkimwita mtu anayeitwa Martha, mara tatu. Amemsikitikia sana. Anasema lazima mtu huyo alikuwa na shida kubwa, na hakuja."

Karani akarudi mezani mbio ili alibadilishe lile neno moja. Na mashine, ambayo sasa ilielewa kila ilichoambiwa, ikamjibu kwamba orodha imefungwa.

Ndugu zangu, nawauliza. Karani yule alikuwa mtu mbaya? Alikuwa mvivu? Aliita mara ngapi? Mara tatu. Wangapi kati yetu tumewahi kumwita mtu mara tatu? Kosa lake lilikuwa geni kuliko hilo, nami limenichukua muda kuliona. Asubuhi ile ile alifundishwa kwamba kitu kinaweza kuwapo, kikajibu, kikakonyeza, na bado kikaandikwa hakipo, kwa sababu tu anayeuliza haijui lugha yake. Alifundishwa, akaelewa, akawafundisha wengine. Na kabla ya saa sita akakaa hatua tatu kutoka kwa mama wa watu, akamwuliza kwa lugha asiyoijua na kwa jina asilolijua, kisha akaandika hayupo. Alilijua fundisho, lakini alidhani ni la kompyuta.

Sisi nasi tunayo mafundisho mengi tunayoyajua kwa namna hiyo.

Tazameni daftari la jumuiya yetu. Mwezi uliopita lilisomwa hapa, na mbele ya majina ya watu wengi tuliandika hayupo. Nikayafuata majina hayo, kwa miguu yangu hii mibovu. Mmoja nilimkuta hapa hapa kanisani. Huketi safu ya mwisho kila Jumapili. Tulimwomba mara mbili asome somo, akajibu kwamba amesahau miwani, tukakasirika, tukasema hataki kushiriki, tukamfuta. Mtu yule hana miwani ya kusahau. Hajui kusoma. Alitujibu kwa lugha yake, na lugha yake ilikuwa ni hiyo ya miwani. Mimi naifahamu kwa sababu niliizungumza mwenyewe hadi nilipofika miaka hamsini na mitatu, na kitabu cha nyimbo nilikishika vizuri tu mbele ya uso, kurasa zake zikiwa juu chini. Hakuna aliyenikaribia akakitazama. Wote walikuwa wakiimba.

Basi leo sitamaliza kwa maombi marefu. Wimbo unaofuata hatutauimba sasa. Kwanza geukeni, kila mmoja kwa yule aliyeketi karibu naye ambaye hajawahi kusema naye. Msimwulize kwa nini haonekani. Mwulizeni jina lake, lile ambalo mama yake humwitia, na mkiona hamjalisikia vizuri, sogeeni karibu zaidi mwulize tena. Mimi nitasimama hapa kimya. Wanakwaya, fungeni vitabu, nanyi mgeuke.